Mzee Zedekiah Ambundo, Fundi Aliyefungia Vumbi Ndani

Jirani yetu wa Dagoretti, Mama Quincy, aliambia watu kwamba Mzee Zedekiah alipigilia mbao kwenye madirisha ya karakana kwa sababu anatengeneza jeneza lake mwenyewe kwa siri. Mzee aliposikia alicheka, akatuma salamu: "Mwambieni nikimaliza langu nitampima na yeye." Ukweli ni kwamba aliyafunga kwa ajili ya huyo huyo Mama Quincy.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Chavakali, mtoto wa tatu wa Mzee Ambundo na Mama Selina. Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1973. Mwalimu wake alisema saa ya hesabu alikuwa chini ya dawati, akikaza miguu ya dawati iliyolegea.

Mwaka 1977 alienda Nairobi, akaandikwa kazi na Bwana Balbir, Singasinga aliyekuwa na karakana ya fanicha karibu na Adams Arcade. Huko walipasua mbao nje na upepo ukachukua vumbi. Karakana hiyo ilipofungwa mwaka 2003, alianza yake nyuma ya nyumba, Dagoretti, chumba kimoja cha mabati.

Alifunga ndoa na Mama Philister tarehe 11 Desemba 1982. Kitanda cha arusi alikitengeneza mwenyewe, na Mama anasema hadi leo hakijawahi kulia.

Sasa nije kwa vumbi. Lilikuwa likitua kwenye nguo za Mama Quincy zikiwa kwa kamba, na Mzee hakupenda ugomvi na jirani. Mwaka 2017 aliziba madirisha, akaunganisha feni, paipu za plastiki na pipa, ili mbao ikipasuliwa vumbi livutwe. Juu ya pipa aliweka mfuko wa kitambaa wa kuchuja hewa. Mimi Ivyne, mkamwana wake, nilikuwa nimeolewa na kijana wake Bramwel mwaka huo. Mfuko niliushona mimi, kwa shuka mbili. Sakafu ikawa safi mpaka mteja mmoja wa Karen akasema anaweza kula hapo chini. Mzee akamjibu, "Ngoja basi tulete ugali." Kwa usafi huo akaacha kufunga kitambaa puani.

Hapo ndipo tulikosea. Mfuko ulishika maranda na vumbi zito. Lile laini kama unga lilipita kwenye shuka, na madirisha yakiwa yamezibwa halikuwa na pa kutokea. Februari 2023, nikipeleka chai, jua lilipenya tundu la msumari kwenye mabati, tukaona vumbi limejaa hewani kama moshi. Mzee alizima mashine. Halikushuka. Akasema pole pole, "Kumbe tumekuwa tukiishi pamoja."

Tayari alikuwa anakohoa. Daktari alisema mapafu yamekuwa magumu. Mzee alichora kibanda kidogo cha kuweka pipa na mfuko huko nje, paipu ipite ukutani, na kitambaa kizito kuliko shuka, ili hata kwa jirani vumbi lisifike. Bramwel, aliyefanya kazi naye karakanani, alisema, "Mzee, hiyo ni wiki nzima bila kazi. Tumalize hii oda kwanza." Oda iliisha, ingine ikaja. Tangu mwaka jana Mzee alilala na mtungi wa oksijeni kando yake, akisikia mashine ya kupasua mbao ikilia ng'ambo ya ukuta, na hangeweza kuinuka kuizima. Bramwel naye sasa anakohoa kila asubuhi.

Alituacha Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani Dagoretti. Ameacha mjane, Mama Philister, watoto wanne, wakamwana wawili na wajukuu sita, mdogo wao Haron wangu wa miaka miwili. Mungu amlaze mahali pa hewa safi.

Wengine mnauliza kwa nini mkamwana ndiye anasoma. Jumapili kabla hajafa aliniita, akaongea akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Mama Haron, Bramwel nimemwambia ajenge kile kibanda, hasikii. Nikianza tu anatoka nje. Siku ya kunizika hatakuwa na pa kwenda, atasimama hapo kando yangu. Usome wewe. Hiyo ya vumbi usiiruke. Ukimaliza, nyamaza, usikae chini mpaka akujibu."