Kibofu Chajulikana Basi Zima

“Jicho na kibofu vina undugu gani?” fundi cherehani alifoka garini, jicho la kushoto limemtoka kama kifungo kilicholegea uzi. Mkewe hakupaza sauti. Ya mumewe iliwatosha wote wawili.

“Daktari wa macho kakuuliza umewahi kuugua nini, ukajibu mafua.”

“Binti mdogo vile, nimweleze habari za mkojo?”

“Saratani uliyotibiwa kibofuni mwaka jana huweza kusafiri, baba watoto. Huenda imehamia nyuma ya jicho, nawe unakimbilia miwani.”

Abiria walitega masikio; hata kondakta alisahau nauli. Mke akawatazama mmoja mmoja.

“Basi zima limeshajua kibofu chako, na bado unapumua. Amebaki daktari tu.”

Fundi akagonga bati la basi. “Shusha, dereva. Tunarudi hospitali.”

Wakashuka.