Historia ya Irmtraud Köppel, Aliyepiga Kinanda cha Ukumbi kwa Miaka Thelathini na Mmoja

Mchungaji, Almut mpwa wangu, majirani wa mtaa wa Weidengasse, wanafunzi wake, na ninyi wa orkestra mliokuja wengi kuliko tulivyotarajia, mimi ni Wieland Tröger, mdogo wake marehemu, na ninasoma maisha yake kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza nisome mimi, asisome mtu mwingine.

Irmtraud alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Freiberg, mtoto wa kwanza wa Kurt Tröger, fundi wa kufuli, na Hedwig mkewe. Baba hakurudi kutoka vitani, mimi niliyezaliwa mwaka 1944 sikumwona kabisa, mama alishinda kiwandani, kwa hiyo aliyenifunga kamba za viatu na kunipiga makofi nilipostahili alikuwa Irmtraud.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Freiberg kuanzia 1947 hadi 1955, na alipofika miaka kumi alianza kujifunza kinanda cha kanisani, miguu ikiwa haijafika kwenye pedali, hadi mwalimu wake akamfungia vipande vya mbao chini ya viatu. Serikali ya wakati ule ilipomtaka aache kanisa ili aendelee na masomo ya juu alikataa, akapelekwa kiwanda cha soksi kwa miaka mitatu, na mwaka 1958 akaingia chuo cha muziki wa kanisa huko Dresden, akahitimu 1962 kwa alama za juu kabisa, jambo ambalo hakuwahi kulitaja, nami nalitaja leo kwa sababu wapo humu waliowahi kuandika kwamba hakuwa na elimu ya kutosha.

Tarehe 22 Juni 1968 alifunga ndoa na Eckhard Köppel, mpiga tarumbeta wa orkestra ya mji wetu wa Wendenau, mtu mpole aliyependa supu ya viazi na kunyamaza, na tarehe 3 Mei 1971 walimpata mtoto wao wa pekee, Almut. Eckhard alifariki mwaka 1999, na ninamshukuru Mungu kwamba hakuyaona yaliyofuata.

Ukumbi wa orkestra ulioteketea vitani ulifunguliwa upya tarehe 8 Oktoba 1972, ukiwa na kinanda kipya chenye mabomba elfu tatu na mia nane, na aliyekipiga siku hiyo pamoja na orkestra nzima alikuwa dada yangu. Watu wazima walilia, na mama yetu, ambaye hakuwahi kukaa kwenye kiti cha kitambaa chekundu, alikaa wima saa mbili nzima kwa kuogopa kukichafua. Tangu siku hiyo, kila orkestra ilipohitaji kinanda, alipanda Irmtraud, na kila mwezi Jumapili moja alipiga peke yake, ukumbi ukijaa hadi ngazini. Mwaka 1981, nilipofukuzwa kazi mgodini kwa ulevi, yeye ndiye aliyekwenda kunisemea, nikapewa kazi ya kutunza boila linalopasha ukumbi joto. Naomba hilo lieleweke vizuri kabla sijaendelea: kazi ile nilipewa kwa heshima yake.

Mwaka 2001 alikuja Mkurugenzi mpya wa ukumbi, Daktari Volkmar Ensslin, ambaye amekaa pale safu ya tatu, na ambaye familia imemwomba asizungumze leo. Hakupenda kinanda, alisema mahali pale pangefaa viti zaidi, na alimwita dada yangu mbele ya wanamuziki "bibi wa mabomba".

Vuli ya 2003 kinanda kilifanyiwa matengenezo, na wiki ya mwisho mafundi walikuwa wakilinganisha sauti bomba moja baada ya jingine, kazi inayotaka ukumbi uwe na joto lilelile litakalokuwapo siku ya onyesho, kwa maana bomba likipata joto sauti yake hupanda, na fidla haziwezi kulifuata. Mkurugenzi aliamuru joto lizimwe wiki nzima kwa kuwa ukumbi ulikuwa mtupu. Dada yangu alimfuata kwenye ngazi za mbele, mimi nikiwa hatua tatu nyuma na ndoo yangu.

"Mabomba hayashikwi na mafua, Bibi Köppel," Mkurugenzi akamwambia, na watu wa ofisi wakacheka.

"Na mafua hayashikwi, Bwana Mkurugenzi, homa ndiyo itakayoyashika," dada akajibu. "Jumapili utayasikia mwenyewe."

"Basi Jumapili uje na dawa yako."

Akamwandikia barua siku hiyohiyo, na barua hiyo Mkurugenzi alikuja kusema haikumfikia. Mafundi walilinganisha sauti katika nyuzi joto kumi na mbili. Mazoezi ya Jumamosi yalifanyika katika baridi ileile, wanamuziki wakiwa ndani ya makoti, na sauti zikapatana. Jumapili tarehe 16 Novemba, wageni wa wizarani walipokuwa njiani, nikaletewa karatasi yenye sahihi ya Mkurugenzi niwashe boila hadi mwisho, nikawasha, na saa tano asubuhi ukumbi ulikuwa na nyuzi joto ishirini na tatu.

Ninyi mliokuwapo mnakumbuka. Kinanda kilipoingia juu ya orkestra kilikuwa kimepanda, si kidogo, watu wakashika masikio, mpuliza zumari liitwalo obo, ambaye ndiye huwapa wenzake sauti ya kuanzia, alijaribu kukifuata mpaka midomo ikachanika, na wageni safu ya kwanza wakaanza kutazamana. Dada alifunga safu moja ya mabomba baada ya nyingine, akabakiza machache ya chini yanayonguruma tu, akamaliza kipande hivyo, kisha akainamia wasikilizaji waliokuwa wakizomea. Gazeti la Jumatatu liliandika kwamba amezeeka na masikio yamekufa.

Kamati ya ukumbi iliketi Jumanne tarehe 25 Novemba kuamua kosa lilikuwa la nani. Daktari Ensslin alitamka kwamba ukumbi ulikuwa na nyuzi joto ishirini wiki nzima, kisha wakaniita mimi.

"Bwana Tröger, wewe ndiye wa boila. Joto lilikuwa ngapi?"

Nilikuwa na miaka hamsini na tisa, mtu wa boila hapati kazi nyingine katika umri huo, na asubuhi ile Mkurugenzi alikuwa amepita chumbani kwangu kuniuliza, kwa upole kabisa, kama ninapenda kazi yangu. Nikasema, "Ishirini." Waliulizia daftari la joto, nikasema ukurasa ule umelowa. Haukulowa. Niliuchana mimi, pamoja na karatasi yenye sahihi, nikavichoma katika boila lenyewe. Dada alikuwa amekaa mbele yangu, alinitazama, akavaa glavu zake, kidole kimoja kimoja, akatoka. Aliachishwa kazi siku hiyo baada ya miaka thelathini na mmoja.

Hakusema nami kwa miaka kumi na tano. Alifundisha watoto kinanda katika kanisa la Oberlohe, na kila onyesho la kinanda pale ukumbini alinunua tiketi kama mtu yeyote, akakaa safu ya kwanza na kipimajoto kikubwa mapajani, akimkazia macho Mkurugenzi tangu mwanzo hadi mwisho, hata mwaka 2006 Mkurugenzi akampiga marufuku. Baada ya hapo alisimama nje barabarani, hata kwenye theluji, na kipimajoto chake. Mnaodai alikuwa na kichaa, mngejaribu kusimama hivyo mkiwa ndio wenye haki.

Agosti 2018 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Almut ndiye aliyenipigia simu, nami nikaenda hospitali, na yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Wieland, historia yangu utasoma wewe."

Nikamwambia afadhali Almut.

"Almut atalia. Wewe unajua kudanganya mbele za watu bila sauti kutetemeka. Sasa sema kweli kwa sauti hiyohiyo."

Nikamwuliza kama amenisamehe.

"Soma kwanza," akasema, akageukia ukutani.

Alifariki Ijumaa tarehe 8 Februari 2019, saa nane mchana, Almut akiwa amemshika mkono. Ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili, na wanafunzi ambao watatu kati yao ni wapiga kinanda leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tano, majirani wa Weidengasse waliomletea supu hadi mwisho, watu wa Oberlohe, na mpuliza obo, Bwana Rüdiger Haase, mwanamuziki pekee aliyemtembelea nyumbani miaka yote ile. Shada lenye utepe wa ukumbi liko nje karibu na lango, nimelitoa mwenyewe asubuhi hii, aliyelileta alichukue akiondoka. Daktari Ensslin, wewe na mimi tuliifanya kazi ile pamoja, na leo nimeisema sehemu yangu, na yako pia, mbele ya wote waliotuamini.

Irmtraud, upumzike kwa amani, nimesoma.