Filimbi ya Maporomoko

Kivuko cha Kamanga kilikuwa katikati ya ziwa, na nyuma ya Prudencia mzee mmoja alikuwa akimkaripia kijana mwenye kofia ya waongozaji wa hifadhi ya taifa. Walikuwa hawajuani, lakini mzee hakuona hilo kuwa sababu ya kunyamaza.

"Watoto arobaini, mawe yenye utelezi, maporomoko. Nyie mnacheza."

"Usiwe na hofu, mzee wangu," kijana alijibu kwa upole. "Kesho nawapokea wa shule ya msingi ya Kiseke. Nawapandisha mpaka juu waone milima, kisha tunashukia kwenye maji. Njia naijua."

Prudencia aligeuza kichwa. Binti yake Odeta aliondoka alfajiri hiyo na basi la shule hiyo.

"Unaijua wewe. Pale maji yanaponguruma, mtoto ukimwita atakusikia?"

"Siwaiti. Napuliza filimbi. Mara moja, simama. Mara mbili, rudi. Hakuna asiyesikia."

Mzee aliguna. Prudencia alikumbatia furushi lake la vitenge. Odeta aliugua masikio akiwa mdogo. Sasa anasoma midomo ya watu tu. Kwenye fomu ya ruhusa, palipoulizwa afya, mama yake aliandika "hana tatizo", kwa kuogopa wangemhamishia shule ya viziwi ya mbali.

Alikuwa bado anatafuta pa kuanzia wakati kivuko kilipogusa gati. Malori yaliwashwa yakanguruma, lango likashuka, kijana akabeba begi.

"Kaka," Prudencia aliita. Akaita tena, kwa nguvu zake zote.

Kijana alikuwa hatua tano tu mbele yake, na hakugeuka.