Nyumba Niliyoiziba kwa Mikono Yangu

Mnisamehe, nitasoma. Nimeandika haya kwa wiki mbili, maana nikisimama mbele ya watu maneno hunikimbia. Sitataja jina la mtu. Walio hapa wanajijua.

Nilitoka Masii nikiwa nimemaliza darasa la nane, nikaja mjini Machakos kujifunza kushona kwenye duka la sare za shule. Niliishi na binamu yangu katika ploti moja, nyumba ya vyumba viwili yenye mlango mmoja. Sisi tulikuwa na chumba cha nyuma. Cha mbele alikaa fundi wa baiskeli na binti yake wa miaka minne. Mama wa mtoto alikuwa ameenda kuolewa kwingine. Kila nikitoka ilibidi nipite kando ya kitanda chao, nami nilipita nikiangalia sakafu.

Binamu yangu alipoolewa, nilipaswa kuhama. Sikuhama. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hapo ndipo nilipoanza kuficha.

Jioni moja fundi aliniuliza, "Wewe, huwa unaongea?"

"Naongea."

"Na nani?"

"Na cherehani."

Alicheka mpaka mtoto akaamka.

Tukaanza kupika kwa jiko moja la makaa. Mtoto akaanza kuniita anti, halafu akawa halali bila kushika kidole changu. Fundi alitaka twende kwa wazazi wangu tuseme. Nilimwambia angoje. Nilimwogopa baba, nikaogopa kanisa. Msichana anayekaa nyumba moja na mwanamume mwenye mtoto, bila pete, mnajua anavyoitwa.

Upande wa pili wa ukuta alikaa mama mmoja Mwislamu aliyetoka pwani, akiuza mahamri. Ukuta haukufika kwenye mabati. Juu palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, na kila neno lilipita hapo. Asubuhi moja aliniambia, "Mwanangu, jana mmecheka hata mimi nikacheka, wala sijui tulikuwa tunacheka nini!" Alikuwa anatania tu. Mimi siku hiyo sikula.

Jioni nilileta mfuko wa vipande vya sare kutoka dukani, vya buluu na vya kijivu. Nikapanda juu ya meza, nikaziba ile nafasi yote, nikisukuma kwa mwiko. Nikaziba na nyufa za dirisha. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi inashuka kutoka vilimani. Fundi aliporudi alisema, "Leo kuna joto." Nikajiona mwenye akili.

Siku ya nne mtoto aliamka akitapika. Saa sita alikuwa nje anacheza. Kesho yake vivyo hivyo. Tukanunua dawa za malaria, hazikusaidia. Mimi nikawa naona sindano mbili pale penye moja. Fundi akaanza kusahau hesabu ya spoku. Na kila jioni tulirudisha jiko ndani, tukafunga mlango, tukakaa karibu karibu tukiogopa.

Basi nyanya wa mtoto, mama yake fundi, akaja kutoka nyumbani. Tulimwita susu. Alikaa siku tatu akinusa. Yule jirani alikuwa na desturi ya kuchoma udi jioni, na ni saa hizo hizo mtoto alipokuwa akishika kichwa kwa maumivu.

"Mnaona?" susu alisema. "Ni majini ya huyu wa pwani."

Susu mwenyewe akashikwa na kichwa, akasema amepigana nao. Neno likazunguka ploti. Watu wakaacha kununua mahamri. Mtu akamwaga jivu mlangoni kwa yule mama. Vijana wawili wakasema mbele yangu kwamba mtoto akifa, na yeye hataamka. Nilinyamaza. Niliamini nusu, na hata ile nusu nyingine sikuwa na sauti ya kuisema.

Jumamosi moja mvua ilinyesha mchana. Fundi alikuwa kazini, susu ameenda sokoni. Niliingiza jiko, nikabandika isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, nikafunga mlango. Mtoto akalala. Nikakaa kutia vifungo kwenye shati. Nilisikia isyo inaungua, nikataka kuinuka, miguu ikakataa. Sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba sikuogopa hata kidogo. Nilitaka tu kulala.

Mlango uligongwa, kisha ukavunjwa. Ni yule mama. Alinusa chakula kinaungua, akaita, hakuna aliyejibu. Alinivuta kwa mikono hadi uani, akarudi akambeba mtoto. Mtoto alining'inia kama nguo iliyoloa.

Wakati huo huo susu akaingia langoni.

"Amemtoa roho!" alipiga kelele. "Amemtoa mjukuu wangu roho!"

Watu walitoka nyumba zote. Mmoja wa wale vijana aliokota jiwe. Yule mama hakumwachilia mtoto, alikuwa anampepea kwa mtandio wake. Akasema, "Nyumba hii haina pumzi! Nani ameziba huko juu? Nani?"

Hakuna aliyemsikiliza. Ndugu zangu, mimi peke yangu ndiye niliyejua. Nilikuwa nimelala kwenye matope na ulimi mzito. Nilipoona lile jiwe nilijua nikinyamaza atapigwa, na mtoto, akipona, atarudishwa kulala mle mle.

"Ni mimi," nilisema.

"Nini?"

"Ni mimi niliyeziba. Hakuna jini. Ni moshi wa makaa."

Susu akaniinamia. "Uliziba kwa nini?"

"Ili msisikie."

"Tusisikie nini?"

"Kwamba nampenda mwanao."

Yule mama akasema, "Haya, mmesikia. Sasa nani ana baiskeli? Mtoto huyu bado ana uhai!" Aliyetoa baiskeli ni yule yule wa jiwe.

Hospitalini walimwekea mtoto hewa ya mtungi. Siku mbili hakusema neno. Fundi alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine, na aliponiangalia sikuona mapenzi. "Ungeniulia mtoto kwa kuogopa kusikika," alisema. Ilikuwa kweli. Siku ya tatu mtoto akaomba chai.

Nilirudi Masii nikamwambia baba kila kitu. Alinifukuza, kisha baada ya miezi akaniita. Fundi naye alichukua muda. Alikuja mwenyewe, amemkalisha mtoto mbele kwenye baiskeli, akasema mbele ya wazazi wangu alilokuja kusema. Sikuficha uso.

Nawashukuru wauguzi. Namshukuru fundi kwa kunisamehe. Na yule mama yuko hapa leo, ameinama anajifanya hasikii. Susu hajamwomba msamaha mpaka sasa. Mimi namwomba tena, mbele yenu, kwa kila siku niliyonyamaza akimwagiwa jivu.

Funzo langu ni dogo. Jambo unaloliogopa, mwambie mtu mmoja kabla halijamfikia mtoto. Na kama kuna aliyetoka nyumbani sasa hivi akaacha jiko ndani na watoto wamelala, asiningoje nikae chini. Aende.