Ngoma ya Bibi na Miguu ya Wazee

Mchungaji wetu mpendwa, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Wazee, wazee wa kanisa, mama zetu wa kwaya, wageni mliokuja kumuaga Bibi, na vijana wenzangu mliokaa karibu na mlango ili mtoke kabla ya hotuba kwisha: Bwana asifiwe.

Mnaonijua mnashangaa kuniona hapa. Shuleni, ambako nimemaliza juzijuzi, mwalimu akiniuliza swali nilikuwa nikiijibu sakafu. Vijana wamenichagua niseme kwa niaba yao kwa sababu, walivyosema wenyewe, huyu hawezi kurefusha. Mniwie radhi, leo nina jambo.

Tunamuaga Bibi, mama mzaa mama yangu, mshonaji wa sare za kwaya na mpiga ngoma wa kanisa hili tangu sijazaliwa. Vifundo vya mikono vimemwambia inatosha. Mmemsifu sana, na sifa zimekuwa tamu. Ila hakuna aliyetaja kwamba Baraza limeamua Bibi akipumzika na ngoma ipumzike, stoo, kati ya ndoo na mafagio, hadi itakapotolewa taarifa nyingine. Nani humu hajui taarifa nyingine hukaa wapi? Hukaa stoo hukohuko.

Je, ngoma imekosa nini? Wapo wanaosema ngoma ni ya harusini, huamsha mwili na kuilaza roho. Ni hoja ya heshima, na siwezi kuicheka. Nitasimulia tu nilichokiona.

Siku Baraza lilipokutana kuijadili, mimi ndiye niliyepeleka chai. Mvua ilikuwa ikinyesha, na ngozi ya ngoma ikipata unyevu hulegea, ikatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Kwa hiyo Bibi alikuwa ameiweka karibu na jiko la chai, mle mle katika chumba cha mikutano, akaifunika kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe. Wazee walipoingia wakaona kimeza kidogo, safi, chenye joto. Wakaweka vikombe.

Nikamtazama Bibi pale mlangoni. Akaninong'oneza, "Nyamaza, mjukuu wangu. Leo inasikiliza kesi yake yenyewe."

Na ilisikiliza. Mmoja alisema ngoma ni kelele, akakoroga sukari. Mwingine alisema haina heshima, akachovya mkate. Ndipo Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye sisi vijana kwa upendo mkubwa tunamwita Babu Taratibu, akawa anatafuta neno la kufungia mjadala, na vidole vyake vikaanza kugonga mdundo wa wimbo wa ibada juu ya meza.

Meza ikaitika.

Visahani vikalia. Mwenyekiti akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mgeni. Bibi akaingia na birika, akasema kwa adabu zake zote, "Mzee mwenzangu, umeuharakisha. Wimbo huo unataka taratibu."

Walicheka, nami nikacheka. Lakini uamuzi haukubadilika, na njiani nilimuuliza Bibi mbona hakukasirika. Akaniambia mwenye sauti huimba. Yeye Mungu alimpa sauti ya bawaba iliyokosa mafuta, akamfidia kwa mikono. "Nikipiga, ndiyo naomba," alisema. Mmewahi kumwona kabla ya ibada akiweka viganja juu ya ngozi na kutulia? Nilidhani anapima unyevu. Kumbe anawaombea watakaokereka.

Na wakati tulipomzika mwalimu wa kwaya, mnakumbuka? Waimbaji walishindwa kwa kilio, wimbo ukakatika katikati. Bibi akapiga peke yake, polepole, mpaka sauti zikarudi, moja moja, kama watu wanaorudi nyumbani. Siku ile sikusikia mtu akiuliza kama ngoma ni ya harusini.

Bibi amenifundisha kupiga, juu ya meza ya cherehani yake, kati ya sare moja na nyingine. Maombi yangu ya mdomo hayafiki mbali, kwani nikiambiwa niombe mbele ya watu husahau hata kusema amina. Mikononi, hayakwami. Kwa hiyo ngoma ikienda stoo, na mimi sina pa kuombea.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ruhusa moja. Kabla haijabebwa, nitapiga ubeti mmoja wa wimbo uleule vidole vyako vilioupiga siku ya chai. Anayeamini kwamba ngoma haina nafasi katika ibada, atulize miguu yake tu. Mimi siwezi kumtazama mtu usoni, kila mtu anajua. Tangu utoto nimekaa humu nikitazama chini, na viatu vyenu navijua kuliko nyuso. Yapo mabuti meusi ya kamba, benchi la mbele, ambayo Bibi akianza kupiga, buti la kulia hushindwa kujizuia. Sitaji ni ya nani. Yanajijua.

Yakitulia, nitaibeba ngoma mwenyewe hadi stoo na kurudisha ufunguo bila kununa. Yasipotulia, basi Jumapili ijayo mnikute kwenye kigoda cha Bibi.

Bibi, asante kwa mikono yako. Nishikie karatasi hii. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza nikisema. Sasa nisikilizeni nikiomba.

Naangalia chini.