Raia Bagalwa, Mtu Aliyeshuku Kila Punje

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, tarehe 30 Juni 1983, Raia Bagalwa, mpokeaji wa maharagwe katika ghala letu la mbegu hapa Goma, alikabidhi funguo na kustaafu. Alitaka tufunge kufuli mbele yake, akalivuta mwenyewe, ndipo akakubali kwenda kwenye sherehe.

Alikuwa na sababu ya kushuku. Wadudu wanaotoboa mbegu za jamii ya kunde wanachagua: kila aina na mmea wake, na yule wa kwetu ni wa maharagwe, mahindi hayagusi. Huanzia shambani, ganda linapokauka. Kiwavi hujichimbia ndani ya punje, nayo hubaki nzuri machoni mpaka mdudu atoboe tundu la mviringo atoke. Basi punje nzuri ndiyo iliyomnyima Bagalwa usingizi. Alizinusa, akazitafuna, kisha akatia nyingine katika chupa na kuitembeza kifuani, ndani ya koti lake la abakosi, ili joto la mwili liwatoe wadudu mapema. Wachuuzi wa soko la Kiwanja walisema ana mimba ya maharagwe.

Mwaka 1979 mama mkwe wake alivuka ziwa kutoka upande wa Bukavu na magunia matatu ya mbegu. Kwetu mkwe hakaguliwi. Bagalwa aliyafungua langoni, mbele ya watu, akanusa.

"Papa Nsimire," mama alimwita kwa jina la mjukuu wake, "ata miye unaniwazia mubaya?"

Bagalwa alijaza chupa na kumwambia asubiri. Msimu wa kupanda ukapita, asitoke mdudu hata mmoja. Mama akarudi na magunia yake, na hakukanyaga tena nyumba yao ya mtaa wa Mapendo. Bagalwa aliendelea na kazi, ila kicheko kilimwishia.

Kwenye sherehe mama yule aliingia bila kualikwa, amebeba kikapu cha maharagwe ya kupanda. Sote tukaitazama pua ya Bagalwa, maana tunamjua. Alikipokea kwa mikono miwili, akainama, akakifunika. Hakunusa.

"Mama, nitayapanda yote," alisema.

Asante, Raia Bagalwa, kwa misimu yote ambayo wakulima wa Masisi walipanda mbegu nzima. Tunakuombea mvua njema ya Septemba na nguvu ya kushika jembe. Mama mkwe, aliyelala kwako Mapendo usiku wa sherehe, amesema atabaki mpaka mavuno.