Mguu Nilioutolea Ushuhuda

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni, lakini leo msinipigie makofi. Makofi yenu mlinipa mwaka jana, nilipokuwa na miguu miwili, nami sikuyastahili.

Wengi mnanijua. Mimi ni Yohana, mpika halua wa hapa Ng'ambo. Tangu Mapinduzi, tajiri wangu alipoondoka, sufuria ile kubwa ya shaba nimeikoroga mimi. Halua haipikwi bila kuonjwa, na mimi niliionja asubuhi mpaka jioni, kisha nikakomba ukoko. Nikanenepa. Watu wakasema mke wangu Marita anajua kutunza mume, nami nikafurahi, maana kwetu nani anamsifu mtu mwembamba?

Kisha ikaja kiu. Mtungi mzima ulikuwa wangu peke yangu! Siku moja Marita akaniuliza, "Baba Petro, mbona sisimizi wamejaa chooni siku hizi?" Nikamtania kwamba amepata mume mtamu. Tukacheka. Ndugu zangu, tulicheka!

Nyayo zikaanza kuwaka moto. Hospitali wakapima mkojo, wakasema ni kisukari, wakanipa vidonge na kunikataza vitamu. Nipike halua nisionje? Nikaona daktari haijui kazi yangu. Nikaja hapa mkaniombea, na baada ya miezi michache ule moto ukazimika kabisa. Nikasimama hapa hapa, nikavua viatu, nikapiga mguu chini mbele yenu, nikasema nimepona na vidonge nimevitupa. Mlipiga makofi mpaka mabati yakalia.

Siku chache baadaye nilikuwa kazini nakoroga. Marita akaniletea chai, akapiga ukelele, "Unaungua!" Nikatazama chini. Kaa la moto limekaa juu ya mguu wangu, nyama inanuka, nami naendelea kukoroga. Sikuhisi kitu. Hapo nikajua kwamba mguu haukupona, ulikuwa umekufa.

Ningekuja kuwaambia Jumapili ile ile. Niliona haya. Nikafunga kitambaa, nikavaa viatu, nikaja nikaimba. Jumapili ya pili vivyo hivyo.

Katika siku hizo Bi Anjelina, mshona nguo wa Mlandege, aliyekuwa akidungwa sindano ya kisukari kila asubuhi, alimwambia binti yake Tekla, "Kama Yohana kapona, na mie nshapona." Akaacha kwenda. Jumapili ya tatu hakuiona. Nilichechemea nyuma ya jeneza lake, mguu unaoza ndani ya kiatu, na mdomo wangu bado nimeufunga. Ee Mungu wangu, nisamehe!

Mguu ulikatwa. Nililala wodini nikitamani wangekata na ulimi. Nimerudi nyumbani, nimekaa miezi barazani nikimkwepa kila apitaye, nikijua Tekla anapita njia ile kwenda sokoni.

Wiki iliyopita nilimwita. Nilimweleza yote, kaa la moto na Jumapili mbili za kunyamaza. Nilidhani atanitemea mate. Alilia sana, nami nikalia. Kisha akajifuta kwa kanga, akasema, "Baba, na mimi nnakunywa maji sana siku hizi. Naogopa kwenda kupimwa peke yangu."

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponifungua! Kisukari ninacho mpaka leo, na Bi Anjelina harudi. Lakini ule uongo umenitoka, na namshukuru Mungu kwa sauti hii iliyobaki.

Mtumainini Bwana, ombeni bila kuchoka, na dawa zenu mezeni. Kama yupo aliyetupa zake kwa maneno yangu, namwangukia, akazichukue tena. Kesho asubuhi nakwenda hospitali na Tekla. Natembea taratibu kwa mikongojo, basi hata atakayechelewa kutoka atatukuta njiani.

Amina. Nimesema msipige makofi.